Nilisogeza mkorosho mmoja kwenye picha, mama akapoteza kipande cha shamba

Wakuu, nawasalimu wote, mnaochangia na nyie mnaosoma kimya kimya halafu mnaondoka bila hata kugonga like.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Nimekaa nacho tangu msimu wa korosho uliopita. Leo nimeona nikiweke hapa, maana nyumbani kila mtu anakijua na hakuna anayetaka kukisikia tena.

Majina nimebadilisha. Kijiji sikitaji, ila ni Ruangwa, upande wa Chinongwe. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Hilo neno "kama" lishikeni, tutakutana nalo mbele.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwandishi wa vibao hapa Nachingwea. Ukiona saluni ina herufi nyekundu zenye kivuli cha njano, au duka la pembejeo lina picha ya mtu anapulizia mikorosho na bomba mgongoni, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu.

Kazi ya vibao ina sheria moja: unahesabu herufi kabla hujagusa brashi, halafu unahesabu tena. Usipohesabu utaandika VIFAA VYA UJENZ, halafu ile I ya mwisho unaibana pembeni kama mgonjwa aliyechelewa foleni. Yalinikuta nikiwa mgeni kwenye kazi. Mwenye duka alikikataa kibao, akaniambia nimtafutie na wateja wasiojua kusoma.

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili. Mayai, ngazi, chenji, hata watu msibani. Mke wangu anasema siku ya harusi alinikuta nahesabu wajomba zake. Ni kweli, walikuwa sita.

Picha zilianza bila mpango.

Jirani yangu kibandani ni fundi seremala. Vipande vya hadibodi vinavyobaki alikuwa anachemshia chai. Nikamwambia bwana we, hiyo ni mali. Akaniambia chukua mali, ila kesho ulete kuni. Tukaelewana hivyo mpaka leo: yeye ananipa vipande, mimi namletea vifuu na magunzi.

Vipande vyenyewe vidogo, ukubwa wa daftari la shule. Navipiga msasa, napaka rangi nyeupe ya chini, navianika. Halafu nachora mambo ya nyumbani.

Siyo simba wala Mmasai na mkuki. Nachora mama mmoja anaanika mihogo juu ya jiwe. Ndoo zimepangwa foleni kisimani na wenye ndoo hawapo, wameenda kupiga soga. Baiskeli imeegemezwa ukuta wa udongo na gunia la ufuta nyuma. Mbuzi wa watu kwenye mbaazi za watu.

Wenyeji hawanunui. Mzee mmoja aliniambia, "Kisima changu nakiona kila siku bure, nikinunue cha nini?" Hoja nzito. 

Wanunuzi ni walimu, manesi na watumishi waliopangiwa huku kutoka Kagera, Mbeya, Kilimanjaro. Wakipata uhamisho wanataka kitu cha kuwaonyesha kwao kwamba huko kusini palikuwa na watu.

Na hao wanabana bei kuliko mama ntilie. Mwalimu mmoja alinisimamia karibu saa nzima, anataka nipunguze kwa sababu eti picha ni ndogo.

Nikamwambia, "Mwalimu, hesabu kuku."

Akahesabu. "Watano."

"Hesabu tena."

"Watano."

"Sasa panda pikipiki uende kwa huyo mama wa kwenye picha. Utakuta kuku watano. Mlango mmoja, utakuta mmoja. Mimi sichori uongo, nahesabu mara mbili. Ukubwa unaoutaka wewe ni wa mbao. Ninaouza mimi ni ukweli."

Alicheka, akachukua kwa bei yangu.

Nikaona hapa pana biashara. Kuanzia siku hiyo nyuma ya kila picha nikawa naandika kwa herufi za kibao, safi kabisa: jina la mahali, tarehe, halafu maneno mawili.

KAMA PALIVYO.

Maneno hayo yaliuza kuliko rangi. Mtu anageuza picha, anasoma, anatikisa kichwa kwa kukubali. Nilikuwa mkali nayo pia. Kijana mmoja wa Namungo, kule kwenye machimbo ya dhahabu, alikuja na oda ya nyumba ya mama yake.

"Weka na gari hapo mbele," akasema.

"Gari lipo?"

"Litakuja."

"Likija nitalichora."

Alininunia, akaondoka. Wiki ya pili alirudi, nikamchorea nyumba bila gari. Nilijiona mtu wa msimamo sana. Mkumbukeni na huyo.

Sasa tuingie kwenye shamba.

Mama yangu ni Mmwera, mjane. Kimwera ndiyo lugha yake. Kiswahili anakitoa kama kanga ya sherehe, hospitali na ofisini tu. Shamba alipewa na mjomba, kaka yake, maana kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Mjomba ndiye alikuwa anaijua mipaka yote ya ukoo kichwani. Alipofariki alizikwa nayo.

Ramani ni rahisi. Simama mbele ya shamba, uangalie.

Kushoto kuna kibanda cha mama. Unakuja uwanja. Halafu mkorosho wa bibi, mkubwa, shina limepinda kwa chini mpaka mtu anaweza kukaa kama kwenye benchi. Ukiupita mkorosho ndiyo unakuta njia ya miguu. Ukivuka njia, upo shamba la jirani, Mzee Bakari.

Mpaka ni njia. Hilo halikuwahi kubishaniwa na mtu.

Kibanda, mkorosho, njia, jirani. Rudieni kwa mpangilio huo. Kesi nzima ndiyo hiyo.

Msimu mmoja nilikwenda kumsaidia mama kuokota, nikabeba na hadibodi. Yeye alikaa pale kwenye shina lililopinda kama kawaida yake, anatenganisha korosho na mabibo. Anasema alikuwa anakaa hapo hapo na mama yake kabla hajaota meno ya utu uzima. Nikaanza kuchora.

Nikachora vitu jinsi vilivyokaa. Ikawa mbaya.

Mkorosho ule ni mkubwa, ukaingia katikati ya picha kama mtu aliyesimama mbele ya TV. Njia nayo ikajificha nyuma yake. Picha nzima ikaegemea upande mmoja.

Nikakumbuka video niliyoiona kwenye simu, jamaa anafundisha composition, yaani namna ya kupanga vitu kwenye picha. Anasema mti mkubwa weka pembeni kabisa, usimame kama mwimo wa mlango. Njia iingie katikati, ipeleke macho ndani.

Nikafuta kwa kitambaa. Mkorosho nikausogeza mpaka ukingoni kulia. Njia nikaipitisha kati ya uwanja na mkorosho, ikakata kona vizuri kuelekea kibandani. Mama nikamkalisha mlangoni, maana kule pembeni alikuwa anapotea.

Ikawa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ndiyo ilivyokuwa.

Mama akaja kuangalia, mikono inanuka mabibo. Akaangalia kwa muda mrefu.

Akaniuliza kwa Kimwera, "Mbona mti umeuvusha njia?"

"Mama, hiyo ni sanaa tu. Macho yanatakiwa yatembee."

"Yatembee yaende wapi?"

"Yaje nyumbani."

"Mti wa mama yangu umeupeleka kwa Bakari."

"Mama, ni picha."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikangoja ikauke. Nikageuza. Nikaandika jina la mama, jina la kijiji, tarehe, na KAMA PALIVYO. Kuku nilikuwa nimewahesabu mara mbili. Mikorosho ya mstari wa nyuma nilikuwa nimeihesabu mara mbili, tisa. Nilikuwa na amani kabisa.

Picha haikwenda Kagera wala Mbeya. Ingekwenda huko leo nisingekuwa na uzi.

Mtendaji wa kijiji chetu alikuwa dada mmoja mgeni, ametoka Tabora, mchapakazi. Ofisi yake haikuwa na kibao, imeandikwa kwa mkaa. Akaniomba nimwandikie kwa bei ya ndugu. Nikamwambia bei ya ndugu mimi sina, ila kuna jambo. Nikuandikie kibao, na wewe unitundikie picha ukutani, pale anapokaa mgeni. Kila mtumishi akipita aione, aulize.

Akakubali. Nikaongeza sharti: isitolewe hata akihama. Akakubali na hilo.

Niliondoka pale najipongeza njia nzima mpaka Nanganga, nilikokuwa nakwenda kuonana na mteja. Tangazo la miaka kwa kibao cha nusu siku. Kweli ilileta wateja wanne. Nimehesabu tena sasa hivi ninapoandika. Wanne.

Baada ya hapo ikaja masika moja mbaya. Maji yakaichimba ile njia ya miguu mpaka ikawa korongo dogo. Watu wakaacha kupita. Bodaboda wakafungua njia nyingine mbali, chini bondeni. Njia ya zamani ikaota majani.

Mzee Bakari akaanza kulima kuja huku. Msimu wa kwanza akafukia korongo na kupanda mbaazi juu yake. Msimu wa pili mbaazi zikaufikia mkorosho. Wa tatu zikaupita, zikasimama uwanjani kwa mama.

Mama hakuniambia. Nilipomuuliza baadaye akasema aliona aibu kumsema mtu mzima kwa ajili ya mbaazi.

Kisha ikatangazwa kwamba kijiji chetu kitapimwa, watu wapate hati za kimila. Wapimaji wakija, majirani wanatakiwa wasimame pamoja mpakani waseme, ni hapa. Mama akasema njia ilipita ng'ambo ya mkorosho. Mzee Bakari akasema njia ilipita huku, na mkorosho upo kwake tangu zamani.

Mimi simwiti Mzee Bakari mwizi. Nimemfikiria sana. Nadhani mwanzo alijua, katikati akaanza kusahau, na mwisho akaamini kweli. Jembe lina namna yake ya kumshawishi mtu.

Kipande chenyewe ni upana wa hatua kumi na nne. Nilipima, nikapima tena. Ndani yake kuna ule mkorosho wa bibi na mikorosho midogo miwili. Mtu wa mjini atasema ndiyo nini sasa. Ni kama robo ya korosho za mama. Na ndipo anapokaa.

Shauri likapelekwa baraza la ardhi la kijiji. Nikapanda kutoka Nachingwea asubuhi na mapema, nimevaa shati la kanisani. Nikakuta ofisi imejaa. Wajumbe saba. Nikarudia, saba. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Nikasema moyoni, hapa leo mambo yatakwenda kwa haki.

Na yalikwenda kwa haki. Hilo ndilo linaloniuma.

Wazee watatu waliulizwa. Mmoja alisema njia ilipita kule. Mwingine akasema ilipita huku. Wa tatu akasema yeye alikuwa anapita na mzigo kichwani, hakuwa anaangalia miti.

Mwalimu akauliza kama kuna ushahidi mwingine. Mzee Bakari akanyanyua fimbo yake taratibu, akaielekeza ukutani juu ya kichwa cha mtendaji.

"Mnahangaika na wazee wakati njia imetundikwa hapo," akasema.

Watu wote wakageuka. Na mimi nikageuka. Wakuu, kabla ya hapo ile picha sikuwa nimeikumbuka hata mara moja.

Mtendaji akaitungua. Mwalimu akavaa miwani, akaangalia mbele, akageuza nyuma, akasoma kwa sauti.

"Kama palivyo. Nani kaandika?"

"Mimi, mwalimu."

"Na tarehe?"

"Mimi."

"Hapo ugomvi ulikuwa umeanza?"

"Ulikuwa bado."

Akasema twende shambani. Tukaongozana, picha imetangulia mbele mikononi mwa mtendaji kama kitambulisho cha mtu aliyepotea. Wakaanza kulinganisha. Mikorosho ya mstari wa nyuma ikahesabiwa. Tisa kwenye picha, tisa shambani. Mlango mmoja, mlango mmoja. Jiwe la kusagia pale pale. Mwiko umechomekwa kwenye paa, mwiko upo mpaka leo.

"Na kuku?" mjumbe mmoja akauliza.

"Walikuwa watano enzi hizo," Mzee Bakari akasema. "Mwekundu alikuwa anashinda kwenye mtama wangu. Huyo hapo, kamchora."

Watu wakacheka. Kila kitu nilichokihesabu kilisimama kwa miguu yake na kunishitaki.

Tulivyorudi ofisini nikasimama.

"Mwalimu, vingine vyote ni kweli. Mti peke yake niliusogeza."

"Kwa nini?"

"Picha ilikuwa inaegemea upande mmoja."

Kikaja kicheko kile cha watu wanaojizuia.

"Mbona kuku hukuwasogeza?" akauliza mjumbe wa mwanzo.

Ukweli ni kwamba kuku walikuwa wamekaa vizuri.

Mzee Bakari hakupandisha hata sauti. "Mjomba," akaniambia, "umechora kwa mkono, sasa unafuta kwa mdomo?"

Mwalimu akaniangalia kama zamani nilipokuwa nimekosea kugawanya. "Mwanangu, nisaidie. Nishike lipi? Lile uliloliandika ukiwa huna kesi, au hili unalolisema leo ukiwa na kesi ya mama yako?"

"Hili la leo, mwalimu. Lile lilikuwa uongo."

"Sawa. Hilo linaweza kuandikwa." Akamgeukia mtendaji. "Andika kwamba mchoraji amekiri picha yake si ya kweli, na maneno ya nyuma aliyaandika akijua si ya kweli. Atasaini, na litabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na uamuzi, kama tunavyobandika mengine." Akanirudia. "Utasaini?"

Wakuu, hapa ndipo niliposimama na ndipo nilipo mpaka leo.

Mlangoni walikuwa wamesimama watumishi wawili wanaofanya kazi na wapimaji. Mmoja nilikuwa nimemuuzia picha mwezi huo huo. Nilimwona anamtazama mwenzake. Nikaiona kichwani ile karatasi kwenye ubao wa matangazo, na jina langu, na mtu anaipiga picha kwa simu. Ruangwa na Nachingwea ni ndogo. Ikishaenda kwenye status ya mtu mmoja, jioni imefika kwa watumishi wote.

Nilisita.

Nimekuhesabu kusita kwangu mara nyingi. Ni kama pumzi mbili. Hazikufika tatu.

Mama akasimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni na wanawake wengine. Akajifunga kanga vizuri. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili kiandikwe.

"Mwanangu haongopi. Alivyochora ndivyo. Andika."

"Mama, kaa kwanza," nikamwambia kwa Kimwera.

Hakuniangalia. Mwalimu akamuuliza kama anaelewa anachosema. Akajibu anaelewa. Akamuuliza mara ya pili. Akajibu hivyo hivyo. Akaletewa kidau cha wino, akaweka dole gumba. Akalifuta kwenye ukingo wa kanga yake, akatoka nje.

Nilimfuata. Tulitembea robo ya safari. Nikamuuliza kwa nini.

"Ulikuwa unafikiria," akasema.

"Nilikuwa nataka kusema ndiyo."

"Ulikuwa unafikiria," akarudia. "Mimi nilikuona. Nikajua unayo sababu. Mimi nitakula korosho zilizobaki. Wewe ungekula nini?"

Hakusema kwa hasira. Ningepewa nafasi ya kuchagua ningechukua hasira.

Wapimaji walikuja, wakasimama, wakachukua alama. Hati zikatoka. Hati ya mama imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati. Nimeisoma. Nimeisoma tena. Mpaka unapita huku.

Mzee Bakari si mtu mbaya kwenye mambo madogo. Msimu ulipofika alimwita, "Mama, njoo ukae tu kwenye shina lako, mti hauna ugomvi." Mama akamjibu hapa panatosha. Sasa anatenganishia korosho juani, kwenye kigoda, pale mlangoni.

Mmegundua? Ni pale pale nilipomchora.

Kabla sijamaliza, maana uzi huu naupandisha kipande kipande, naona mchangiaji mmoja ameshaniuliza PM kama ile picha inauzwa. Haiuzwi, kaka. Nilikwenda kuiomba. Mtendaji akaniambia kwa upole kwamba sasa ni kielelezo, imewekwa kwenye faili. Halafu akanikumbusha sharti langu mwenyewe, kwamba isitolewe. Nikamwambia asante. Bado anadai nilimwandikia kibao kizuri.

Mwezi uliopita nikafanya jambo la mwisho la kijinga.

Nilichukua hadibodi nzuri, kubwa kidogo. Nikaenda nyumbani, nikakaa siku nzima. Nikachora upya, hakuna kusogeza. Kibanda, uwanja, mkorosho pale pale katikati unaziba kila kitu, njia nyuma yake. Njia haipo tena lakini niliikumbuka, nikaipima kwa hatua, nikaichora. Mama nikamkalisha kwenye shina. Picha mbaya, imeegemea upande mmoja. Nikaipenda hivyo hivyo.

Nikampelekea pale mlangoni.

Aliishika kwa vidole viwili, mikono ina mabibo. Akaiangalia kwa muda ule ule aliotumia kuangalia ile ya kwanza.

"Hii umekosea," akasema.

"Wapi, mama?"

Akaweka kidole kwenye mkorosho. "Huu si wetu. Njia ipitishe huku." Akachora mstari kwa kidole, kati ya uwanja na mti, rangi ikiwa bado mbichi. Alama ya kidole chake ipo mpaka sasa.

Akanirudishia. "Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa kama palivyo. Uliiwahisha tu."

Akaendelea na korosho zake.

Nilichojifunza ni hiki, na hakina utaalamu wowote. Nilikuwa nahesabu vitu, sikuwa nahesabu mahali vilipokaa. Na nilimkatalia kijana wa Namungo gari la uongo, ambalo lisingemdhuru mtu, halafu nikajiruhusu mti wa uongo kwa sababu uongo wangu ulikuwa unapendeza. Ukitaka kupamba, pamba. Ila usigeuze ukaandika nyuma kwamba hukupamba.

Bado nachora, maana ndiyo kazi. Nyuma naandika jina la mahali na tarehe, basi. Juzi nesi mmoja anayehamia Mbeya aliigeuza moja, akaniuliza yale maneno yamekwenda wapi. Nikamwambia rangi iliisha. Akaomba punguzo. Nikampa bila kubishana, akashangaa.

Sasa nawaachia uwanja. Wa kunitukana karibuni, nafasi zipo. Lakini wale mnaozijua sheria za ardhi naomba msipite kimya. Mzazi ameweka dole gumba kwa hiari, hati imeshatoka, na aliyesababisha yuko tayari sasa hivi kusaini kwamba alidanganya, ibandikwe popote.

Kuna njia?

Maana ile niliyokuwa naijua niliihamisha mwenyewe.